Kuunda Amplifaya ya Wati 25 kwa Kila Upande na Kuiboresha: Mwongozo Kamili kwa Mafundi wa Nyanda za Juu Kusini

Amplifaya ikizima katikati ya harusi, au kanisani wakati kwaya imekwisha kusimama, lawama ya kwanza huangukia chipu au transista iliyopasuka, nayo hubadilishwa, na kazi huendelea mpaka ipasuke tena. Msimamo wa mwongozo huu ni kwamba chipu ni mahali ugonjwa unapoonekana tu, na kwamba chanzo chake kwa kawaida kimo katika mambo matatu ambayo mjenzi huyapa fedha kidogo na muda mchache: umeme unaoilisha amplifaya, njia ya kuondoa joto, na mpangilio wa nyaya za graundi, yaani njia ya sifuri ambayo mikondo yote huirudia. Kwa sababu hiyo tutaanza na transfoma, na chipu yenyewe tutaifikia tukiwa tumekwisha kuiandalia mazingira ya kuishi.

Amplifaya tutakayoiunda ina pande mbili, kushoto na kulia, na kila upande unatumia chipu moja ya LM3886. Chipu hii ilitengenezwa na kampuni ya National Semiconductor, ambayo ilinunuliwa na Texas Instruments mwaka 2011, na nimeichagua kwa sababu ina kinga zake za ndani dhidi ya joto, mkondo mkubwa na shoti ya spika. Anayeipata chipu ya TDA7294 kwa urahisi zaidi katika maduka ya vipuri ya Mwanjelwa jijini Mbeya, au akiagiza kutoka Kariakoo, anaweza kufuata hatua zote za umeme, joto na graundi bila kubadilisha chochote. Tofauti itakuwa katika mpangilio wa pini na rezista chache tu.

Nguvu unayoihitaji kweli

Maandishi ya "wati 1000 PMPO" (nguvu ya kilele inayodaiwa na muuzaji) yaliyobandikwa kwenye kasha la sabufa hayapimi kitu ambacho sikio linaweza kukisikia. Nguvu halisi inayoweza kufika kwenye spika hupatikana kwa hesabu rahisi: chukua volteji ya juu kabisa ambayo amplifaya inaweza kuitoa kabla ya wimbi kukatika kichwa, izidishe kwa yenyewe, kisha gawanya kwa mara mbili ya ukinzani wa spika. Amplifaya yetu italishwa volti 24 chanya na volti 24 hasi. Volteji ikishuka kidogo inapofanya kazi, na chipu ikibakiza karibu volti tatu kwa matumizi yake, kilele kinachofika kwenye spika ni volti 20. Ishirini mara ishirini ni 400, na ukigawanya kwa 16, yaani mara mbili ya omu 8, unapata wati 25. Kwa spika ya omu 4 hesabu hiyohiyo inatoa wati 50, ingawa katika utendaji zitapungua, kwa kuwa transfoma na kapasita hulemewa zaidi.

Wati 25 zinaonekana chache kwa mtu aliyezoea namba za kwenye kasha, lakini sikio halihesabu wati kama mkono unavyohesabu shilingi. Kuongeza nguvu mara mbili huongeza desibeli 3 tu, tofauti inayosikika lakini si kubwa. Spika yenye wepesi wa kuitikia wa desibeli 93 kwa wati moja katika umbali wa mita moja, ikilishwa wati 25, itatoa sauti sawa na spika ya desibeli 87 iliyolishwa wati 100. Mwenye bajeti ndogo afikirie jambo hili kwa uzito: fedha iliyotengwa kwa ajili ya amplifaya kubwa mara nyingi huzaa matunda zaidi ikitumika kununua spika nyepesi kuitikia, na amplifaya ndogo iliyoundwa vizuri itajaza ukumbi wa kanisa la kawaida la mtaani.

Hatua ya kwanza: transfoma na volteji yake

Nunua transfoma ya volti 18-0-18 yenye uwezo wa VA 160 (volti mara ampea), na ikiwezekana iwe ya duara, kwa sababu ya duara humwaga usumaku kidogo pembeni na hivyo hupunguza mvumo. Ukikosa ya duara, ya mraba inafaa, ila iwekwe mbali na bodi za sauti. Umeme wa AC, yaani unaogeuka mwelekeo, wa volti 18 ukipita kwenye daiodi na kujaza kapasita hufika kwenye kilele chake, yaani 18 mara 1.414, ambayo ni volti 25 na nusu, na ukitoa volti moja inayopotelea kwenye daiodi unabaki na takriban volti 24.5 kila upande. Transfoma isiyobebeshwa mzigo hutoa kidogo zaidi ya kilichoandikwa, kwa hiyo usishtuke ukipima volti 26 au 27 bila spika.

Wengi hutamani transfoma ya 25-0-25 ili wapate wati nyingi zaidi. LM3886 inaruhusu jumla ya volti 84 kati ya reli chanya na hasi, yaani njia mbili za umeme zinazoilisha chipu, na 25-0-25 bila mzigo hufika volti 37 hivi kila upande, kwa hiyo kwenye karatasi inaonekana salama. Lakini umeme wetu wa volti 230 hautulii. Pale unapopanda kwa asilimia 10, hasa usiku wa manane watu wengi wakiwa wamezima vyombo vyao, reli hizo hufika karibu volti 41 kila upande, jumla 82, na chipu inakuwa inaishi ukingoni mwa uwezo wake. Kwa 18-0-18, hata umeme ukipanda kiasi hicho, unabaki chini ya volti 30 kila upande. Kwangu mimi nafasi hiyo ya usalama ina thamani kuliko wati za ziada.

Transfoma zinazotolewa kwenye UPS zilizokufa huvutia kwa uzito na bei yake, lakini nyingi zimekusudiwa kufanya kazi kwa dakika chache, volteji yake ya upande wa pili ni ndogo mno, na hupata moto hata bila mzigo. Transfoma ya jiko la maikrowevu isiguswe kabisa kwa kazi hii wala kwa majaribio: inatoa volti zaidi ya elfu mbili zenye mkondo wa kutosha kuua papo hapo, na hakuna amplifaya inayostahili hatari hiyo. Fundi anayesuka transfoma kwa mkono anaweza kukutengenezea nzuri, mradi umwambie wazi volteji, VA, na kwamba nusu mbili za upande wa pili lazima ziwe na mizunguko sawasawa.

Upande wa umeme wa 230 uwe na swichi, na fyuzi ya aina ya polepole yenye ampea 1.6 iliyowekwa kwenye waya wa moto kabla ya swichi. Fyuzi ya haraka itakatika kila unapowasha, kwa sababu transfoma ya duara huvuta mkondo mkubwa kwa sehemu ndogo ya sekunde inapoanza. Baada ya fyuzi, weka varista ya volti 275 kati ya waya wa moto na nyutro. Ni kifaa cha bei ndogo kinachomeza miruko mifupi ya volteji, na katika eneo lenye radi kama Tukuyu na milima ya Rungwe hakipaswi kukosekana.

Hatua ya pili: daraja la daiodi na kapasita

Tumia daraja la daiodi, yaani daiodi nne zinazougeuza umeme wa AC kuwa wa DC usiogeuka mwelekeo, la ampea 25 au 35 lenye mwili wa chuma, ambalo hufungwa kwa skrubu kwenye kasha ili lipoe. Ampea 35 ni nyingi kuliko tunavyohitaji kwa muziki, lakini kapasita tupu zinapojaa kwa mara ya kwanza huvuta mkondo mkali ambao madaraja madogo huvunjika nao baada ya miezi kadhaa.

Kisha weka kapasita mbili za mikrofaradi 10,000 na volti 50, moja kwa kila reli. Sababu ya ukubwa huo inapatikana kwa hesabu. Umeme wetu una hezi 50, na daraja la daiodi hujaza kapasita mara 100 kwa sekunde. Kati ya kujazwa na kujazwa, kapasita peke yake ndiyo inayoilisha spika. Amplifaya ikivuta ampea 2, kapasita ya mikrofaradi 10,000 hushuka kwa takriban volti 2 katika kila kipindi hicho. Ukiweka ya mikrofaradi 2,200, kama zilivyo amplifaya nyingi za bei nafuu, ushukaji huo unazidi volti 8, na hapo besi hukwaruza kwenye kila mpigo mzito hata kama chipu ni bora kuliko zote. Kuongeza mpaka 22,000 kunasaidia kidogo tu, na zaidi ya hapo fedha inapotea.

Juu ya kila kapasita kubwa funga rezista ya kiloomu 2.2 yenye wati 1. Kazi yake ni kumwaga chaji amplifaya ikizimwa, ili kwamba baada ya dakika mbili hivi uweze kuingiza mkono bila kukutana na umeme uliobaki. Kagua alama ya hasi ya kila kapasita mara mbili kabla ya kulehemu: kwenye reli hasi, upande chanya wa kapasita ndio unaokwenda graundi, na hapo ndipo wanaoanza hukosea na kapasita hupasuka kwa kishindo usoni.

Hatua ya tatu: balbu ya majaribio

Kabla ya kuunganisha chochote kwenye soketi, tengeneza kifaa ambacho kila meza ya fundi inapaswa kuwa nacho: kishikizo cha balbu kilichounganishwa kwa mfululizo na waya wa moto, chenye balbu ya kizamani ya waya au ya halojeni ya wati 60. Balbu ya LED haifai, kwa kuwa haiupunguzi mkondo kwa namna tunayoihitaji. Amplifaya ikiwa na shoti, balbu huwaka kikamilifu na kuubeba umeme wote yenyewe, na vifaa vyako vinasalimika. Ikiwa hakuna kasoro, balbu humetameta mara moja kapasita zinapojaa, kisha hufifia hadi karibu kuzimika.

Jaribu transfoma, daraja na kapasita peke yake kupitia balbu hiyo, bila bodi za chipu. Pima kati ya graundi na kila reli. Unatafuta namba mbili zinazolingana, moja chanya na moja hasi, na tofauti isizidi nusu volti. Reli moja ikiwa na volteji na nyingine ikiwa sifuri, kuna waya uliokatika au uliounganishwa mahali pasipo pake.

Hatua ya nne: bodi ya chipu

Ukinunua bodi iliyochapwa tayari, bado ifahamu sakiti yake, kwa sababu bodi nyingi za sokoni zimeacha sehemu muhimu ili kupunguza gharama. Kwenye LM3886, reli chanya huingia pini 1 na pini 5, reli hasi huingia pini 4, sauti kwenda spika hutoka pini 3, graundi ni pini 7, na maingilio mawili ya sauti ni pini 10 ya chanya na pini 9 ya hasi.

Sauti kutoka kwenye volyumu ya kiloomu 10 hupita kwenye kapasita ya filamu ya mikrofaradi 2.2 na rezista ya kiloomu 1 kabla ya kufika pini 10, na kutoka pini hiyo rezista ya kiloomu 22 huenda graundi. Kati ya pini 3 na pini 9 weka rezista nyingine ya kiloomu 22, na kutoka pini 9 rezista ya kiloomu 1 ikifuatana na kapasita ya mikrofaradi 47 hadi graundi. Ukuzaji ni moja kuongeza 22 gawanya kwa 1, yaani mara 23. Usiupunguze chini ya mara 10, kwa kuwa hapo chipu hii hupoteza utulivu na kuanza kutetema yenyewe kwa masafa ya juu yasiyosikika, ikichemka bila muziki wowote. Kwa ukuzaji wa 23, simu inayotoa volti 0.6 inatosha kuifikisha amplifaya kwenye wati 25, na huhitaji bodi ya kikuza cha awali. Maikrofoni ndiyo inayohitaji kupita kwenye miksa kwanza.

Pini 8 ndiyo inayonyamazisha chipu. Ikiachwa bila kuunganishwa, amplifaya haitoi sauti kabisa, na wengi wametupa chipu nzima wakidhani imekufa. Iunganishe kwenye reli hasi kupitia rezista mbili za kiloomu 10 zilizofuatana, na kutoka katikati yake weka kapasita ya mikrofaradi 100 kwenda graundi, upande wake chanya ukiwa graundini. Amplifaya itachelewa kidogo kutoa sauti inapowashwa, na ule mshindo wa kuwasha utapungua sana.

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo bodi za bei nafuu huiacha. Kwenye kila reli, karibu na miguu ya chipu kadiri mikono inavyoruhusu, weka kapasita ya mikrofaradi 0.1, na ndani ya sentimita chache weka nyingine ya mikrofaradi 470 au zaidi, ya volti 50. Kapasita kubwa za mwanzo haziwezi kufanya kazi hii, kwa sababu waya wa sentimita 20 unaozileta una uvivu wake wa kubadilisha mkondo, na chipu inahitaji umeme wa papo kwa papo. Kwenye tokeo, weka rezista ya omu 2.7 ikifuatana na kapasita ya mikrofaradi 0.1 hadi graundi. Kisha, kati ya pini 3 na spika, weka rezista ya omu 10 yenye wati 2 iliyozungushiwa mizunguko 10 ya waya wa shaba wenye rangi ya kuzuia umeme, ncha za waya zikilehemiwa kwenye miguu ya rezista hiyo. Sehemu hizi mbili huilinda amplifaya isitetemeshwe na kebo ndefu za spika, zile zinazovutwa kutoka madhabahuni hadi mlangoni.

Hatua ya tano: kuondoa joto

Kila chipu, ikilishwa volti 24 kila upande na spika ya omu 8, inaweza kugeuza hadi wati 17 kuwa joto katika hali mbaya zaidi, na hali hiyo haitokei kwenye sauti ya juu kabisa bali chini yake kidogo. Kwa spika ya omu 4 joto hilo hufika wati 31 au 32. Pande mbili za omu 8 zinatoa wati 34. Tukitaka kipoza joto kisizidi hewa ya pembeni kwa zaidi ya nyuzi 40, kinapaswa kuwa na uwezo wa nyuzi 1.2 kwa kila wati au bora zaidi, na kwa spika za omu 4 nyuzi 0.6. Kipande cha alumini chenye mapezi, upana wa sentimita 20, kimo cha 10 na kina cha mapezi kisichopungua sentimita 4, kinatosha kwa omu 8 na kubakiza akiba.

Huku kwetu akiba hiyo si anasa. Mbeya ipo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, Njombe iko juu zaidi, na kwenye mita 1,700 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 ikilinganishwa na ile ya Dar es Salaam. Hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Upungufu wa upozaji hauwi mkubwa kiasi hicho, kwa sababu sehemu ya joto huondoka kwa mnururisho, lakini ni busara kuongeza kipoza joto kwa sehemu moja ya kumi. Baridi ya Juni na Julai inatusaidia, ila isitudanganye: ndani ya kabati lililofungwa, kando ya miksa na kiweko cha DVD, hewa inafika nyuzi 40 hata Makambako.

Mapezi yasimame wima ili hewa ya moto ipande kati yake. Kipoza joto kilicholazwa hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake. Sawazisha uso wake kwa msasa laini, paka grisi ya joto kwa tabaka jembamba la kuziba nafasi za hewa tu, kisha kaza skrubu. Mgongo wa LM3886T umeunganishwa na reli hasi, kwa hiyo lazima uwekewe karatasi ya maika na bushi ya plastiki kwenye skrubu, na baada ya kufunga upime kwa multimita kwamba hakuna muunganiko kati ya mgongo wa chipu na kipoza joto. Toleo la LM3886TF lina mgongo wa plastiki na halihitaji maika, ingawa hupitisha joto kwa uzito kidogo. Mgongo wa TDA7294 nao uko kwenye reli hasi.

Hatua ya sita: kasha, ethi na graundi

Kasha liwe la chuma, na waya wa ethi kutoka kwenye plagi ya pini tatu ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, kwa skrubu yake peke yake isiyoshika kitu kingine. Ipo tabia ya kuukata waya wa ethi ili kuondoa mvumo. Usiikubali hata mteja akisisitiza. Insulesheni ya transfoma ikichoka siku moja, kasha lote litakuwa na volti 230, na mwanakwaya aliyeshika maikrofoni ya chuma ndiye atakayelipa. Mvumo una dawa yake halali, nayo ni mpangilio wa graundi.

Chagua nukta moja ya shaba, karibu na mahali kapasita mbili kubwa zinapokutana, lakini isiwe kwenye waya wenyewe unaoziunganisha, kwa kuwa waya huo hubeba mikondo mikali ya kujaza. Kwenye nukta hiyo leta waya wa graundi wa kila bodi na waya wa kurudi wa kila spika, kila mmoja kwa njia yake. Jeki za RCA zisiguse kasha; tumia zenye washa za plastiki, na graundi yake isafiri ndani ya kebo ya ngao hadi kwenye bodi. Mwishoni unganisha nukta hiyo na ethi ya kasha kupitia rezista ya omu 10, sambamba na kapasita ya mikrofaradi 0.1 na daraja jingine la daiodi la ampea 35 ambalo miguu yake ya chanya na hasi imeunganishwa pamoja, huku miguu miwili ya AC ikishika ethi na nukta. Kwa mpangilio huu mkondo mdogo wa mvumo unaozunguka kati ya amplifaya na kompyuta au miksa huzuiwa na rezista, na mkondo mkubwa wa hatari hupita kwenye daiodi na kukata fyuzi.

Nyaya za transfoma zisokotwe pamoja na zipite ukingoni mwa kasha. Kebo za sauti zipite upande wa pili. Zikilazimika kukutana, zikatane kwa pembe mraba.

Hatua ya saba: kuwasha na kupima

Kwenye njia za reli za kila bodi, weka kwa muda rezista za omu 10 zenye wati 2 badala ya fyuzi za ampea 3 zitakazokaa hapo. Washa kupitia balbu, bila spika wala kebo ya sauti. Volteji juu ya kila rezista ya omu 10 ikiwa kati ya volti 0.3 na 0.85, chipu inavuta miliampea 30 hadi 85, na hiyo ni hali njema. Kisha pima DC kwenye matokeo ya spika. Inapaswa kuwa chini ya milivolti 50. Ukiona volti kadhaa, spika isiunganishwe mpaka kosa lipatikane, kwa sababu DC huichoma koili ya spika bila kutoa sauti ya kuonya. Hili likipita, ondoa rezista hizo na uweke fyuzi za ampea 3, ondoa balbu, na uanze na spika ya bei ndogo ambayo hutaihuzunikia.

Kupima nguvu hakuhitaji mashine ya gharama. Nunua koili ya jiko la umeme ya wati 1000, ambayo nzima ina ukinzani wa karibu omu 53, na ukate kipande kinachosoma omu 8 kwenye multimita, ukikumbuka kuutoa ukinzani wa nyaya za multimita yenyewe. Kiweke juu ya kigae na ukiunganishe mahali pa spika. Pakua kwenye simu programu ya kutoa toni, chagua hezi 200, kwa kuwa multimita nyingi husoma AC kwa usahihi katika masafa hayo, na upandishe volyumu taratibu. Zidisha volti ulizosoma kwa zenyewe na ugawanye kwa 8: volti 14.1 ni wati 25. Ikifika mahali ambapo unapandisha volyumu na namba inaongezeka kwa kusitasita, wimbi limeanza kukatika, na hapo ndipo mwisho wa amplifaya yako. Iache kwenye nusu ya volteji hiyo kwa nusu saa na ushike kipoza joto. Kikiwa hakishikiki kwa sekunde tano, ni kidogo au chipu haijabanwa vizuri.

Kuiboresha amplifaya uliyonayo

Anayeletewa amplifaya ya zamani aanze kwa kusikiliza mvumo. Shika maingilio kwa shoti, yaani unganisha pini ya kati ya jeki na ganda lake. Mvumo ukitoweka, tatizo lilikuwa kwenye kebo au chombo kilichotangulia. Ukibaki, sikiliza aina yake: mvumo mzito wa hezi 50 hutoka kwenye usumaku wa transfoma au mzunguko wa graundi, na kuigeuza transfoma kidogo mahali ilipo huweza kuumaliza, mvumo mkali zaidi wa hezi 100 hutoka kwenye kapasita zilizochoka au waya wa graundi uliounganishwa kwenye njia ya daraja la daiodi. Kapasita zilizovimba kichwa zibadilishwe zote mbili kwa pamoja.

Kwenye amplifaya za transista, hasa zenye jozi ya 2SC5200 na 2SA1943, adui mkubwa ni bandia. Transista halisi ya Toshiba ya jina hilo hubeba volti 230 na ampea 15, ilhali bandia huwa na kipande kidogo cha silikoni ndani kisichoweza hata theluthi ya hayo. Multimita yenye kipimo cha kapasita inasaidia: pima kati ya mguu wa besi na mguu wa emita wa transista unayoiamini, kisha ya unayoinunua, silikoni ndogo husoma kapasita ndogo kwa kiasi kinachoonekana wazi. Baada ya kubadilisha, pima volteji juu ya rezista ya emita ya omu 0.22 wakati hakuna sauti. Milivolti 5 hadi 11 zinaonyesha mkondo wa miliampea 23 hadi 50. Rekebisha tena kipoza joto kikishapata moto, na uhakikishe transista ndogo inayosimamia mkondo huo imefungwa juu ya kipoza joto hichohicho, kwani ikining'inia hewani haitajua joto linapopanda.

Kubadilisha aiki (chipu) ndogo za kukuza sauti ya awali, kwa mfano 4558 kwa NE5532, kunapendwa sana kwa kuwa ni rahisi. Faida yake ni ndogo mno ikilinganishwa na kapasita kubwa na graundi safi, na fedha iende huko kwanza.

Kwa vijiji vinavyotumia sola, usiwashe amplifaya hii kupitia inveta ikiwa unaweza kuepuka, kwa sababu umeme hupotea mara mbili, kwenye inveta na kwenye transfoma. Bodi ndogo ya amplifaya yenye chipu ya TPA3116 inayolishwa moja kwa moja na betri ya volti 12 itatoa takriban wati 15 safi kwa spika ya omu 4, na sehemu kubwa ya umeme inaoutumia hufika kwenye spika. Lakini mpaka wake wa kazi ni volti 26, na betri za mfumo wa volti 24 hufika volti 28.8 zinapochajiwa mchana. Kwenye mfumo huo, kifaa cha kushusha volteji hadi 20 kiwekwe kabla ya bodi, na kipimwe jua likiwa la utosi kabla ya bodi kuunganishwa.

Kazi ikikamilika, andika ndani ya kifuniko cha kasha volteji za reli, DC ya kila tokeo, thamani ya fyuzi na tarehe, kwa kalamu isiyofutika. Fundi atakayeifungua baada ya miaka mitano, huenda ukiwa wewe mwenyewe, atalinganisha namba hizo na za siku hiyo na kuijua kasoro kabla hajashika pasi ya kulehemu.